Hodi ya Kiganja

Alhamisi, tarehe kumi na saba Aprili. Mvua ilianza alfajiri, ikakatika watu wakiamka, na jua likatoka likiwa kama bado limelowa.

Ndugu zangu majirani, na ninyi wazazi mtakaosomewa hadithi hii na watoto wenu, asubuhi ile mtaa wetu ulikuwa mtulivu. Nilikuwa nimekaa barazani na cherehani yangu, napinda suruali ya mteja. Ng'ambo ya njia ipo nyumba ya Fundi wa makufuli, karakana upande mmoja, mlango wa nyumbani upande wa pili. Nilisikia vijiko vikigonga vikombe ndani, redio ikisoma habari, na binti mkubwa wa Fundi, ambaye sote tunamwita Dada, akimcheka baba yake kwa kuweka sukari mara mbili kwa kusahau. Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo kwa nyumba yenye watu wanaocheka asubuhi.

Ndipo kijana akatokea kwenye kona. Fulana imegandamana na mwili, viatu vimejaa matope. Picha yake ilikuwa imebandikwa kwenye nguzo za umeme mji mzima, polisi wanamtafuta. Alikuwa mtoto wa nyumba ile ile. Akasimama mbele ya mlango wa kwao, akafuta miguu vizuri kwenye gunia la mlangoni, akasema, "Hodi."

Redio ikazimwa.

Mnajua wenyewe kwamba mtu mwenye adabu hupiga hodi mara tatu, na asipoitikiwa huondoka. Hiyo ilikuwa ya kwanza. Kabla sijawaambia habari za zile mbili, niwarudishe nyuma, ili mjue kijana huyu alifikaje pale akiwa amelowa kama kitambaa cha kudekia.

Jina la utani aliitwa Kiganja. Alipokuwa mdogo, hata kusema sawasawa bado, alitambaa juu ya meza ya baba yake na kuweka mkono juu ya kufuli lililoshindikana. Kufuli likafunguka. Fundi akadhani ni bahati. Akampa la pili, likafunguka. La tatu hivyo hivyo, bila ufunguo, bila waya, mkono tu, kama mtu anayempapasa paka. Ikawa burudani ya karakana. Wateja walimletea peremende na kutania, "Fundi, huyu usimlete kwangu, mke wangu amenifungia sukari." Fundi naye anajibu kwamba akikua serikali itamwajiri awe ufunguo.

Lakini hakuna kipawa kisicho na upande wake wa pili, na cha Kiganja kilikuwa hiki: kufuli au kitasa kilichofunguliwa na mkono ule hakikufunga tena. Springi ya ndani ililegea kabisa. Ukilisukuma linarudi, kama mdomo wa mtu aliyelala. Angeweza kufungua kitu chochote cha chuma, na asingeweza kufunga hata kimoja. Ndiyo nguvu yake yote, hakuwa na nyingine. Hakuruka, hakutoweka, hakumshinda mtu yeyote mieleka.

Sasa sikilizeni kosa la nyumba ile, maana ni kosa ambalo pengine ni nyumba ya fundi wa makufuli tu ingeweza kulifanya. Fundi alikuwa na desturi yake: mtoto akimaliza shule ya msingi, anamchongea ufunguo wa nyumba kwa mkono wake mwenyewe, kwa tupa, bila mashine, na kumpa mbele ya chakula cha jioni. Dada alipewa wake, anao hadi leo shingoni. Zamu ya Kiganja ilipofika, akakaa mezani amechana nywele, anasubiri. Baba akala, akanawa. Mtoto alipouliza, akaambiwa, "Wewe ufunguo wa nini? Nitaharibu shaba bure." Wote wakacheka. Mama yake naye alicheka, ameniambia mwenyewe akilia.

Tangu hapo, akirudi nyumbani na kupiga hodi, anajibiwa kutoka ndani, "Si unafungua mwenyewe?" Hakuna aliyeinuka. Akifungua mwenyewe, kitasa kinakufa, na anachapwa kwa kuharibu kitasa. Basi mtoto akajifunza kukaa kwenye kizingiti. Nilimwona mara nyingi kutoka hapa nilipo, kwenye jua na kwenye mvua, mikono ameikunja kwapani ili isiguse kitu, anasubiri mtu atoke kwa shughuli zake ili apate kupita. Hawakuwa watu wakatili. Walimlisha, walimvisha. Walisahau tu kwamba mtu anayeweza kuingia bado anataka kukaribishwa.

Shuleni kila kilichopotea kilikuwa chake. Stoo ikikutwa wazi, Kiganja. Kabati la mwalimu, Kiganja. Mwishowe wakamfukuza, na kwa kuwa walikuwa wanamsingizia, akaanza kufanya kweli. Lakini alifanya nini? Hapo ndipo ninaposhindwa kumwelewa hata leo, na nimeomba sana nieleweshwe. Aliingia nyumba za watu wakiwa kazini, na hakuiba. Mwalimu mmoja alirudi akakuta kikombe kimeoshwa. Mama mmoja alikuta nguo zake zimeanuliwa kabla ya mvua na kukunjwa vibaya, kiume. Wengine walikuta kiti tu kimesogezwa dirishani. Watu wakaogopa zaidi kuliko kama angeiba. Mwizi unajua anataka nini.

Nami alinijia. Nilitoka sokoni nikamkuta amekaa kwenye kigoda changu karibu na cherehani, anasoma maandishi ya kwenye boksi la uzi. Akainuka haraka, akaniamkia, "Shikamoo, mama." Nikaitika. Nikamuuliza anatafuta nini. Akalirudisha boksi la uzi mahali pake.

"Sijui, mama. Napenda tu kukaa mahali ambapo mtu anakaribia kurudi."

Nikampa chai na kumwambia aende kwao. Akasema halali tena kwao, lakini huenda kila wiki, na hakuna anayemfungulia. Siku ile ile nilivuka njia nikamweleza mama yake, naye akaniambia amesema na mumewe mpaka amechoka.

Na mumewe alikuwa na sababu ya kunyamaza, Mungu anisamehe kama nakosea kuisema. Kila nyumba aliyoingia Kiganja ilihitaji kitasa kipya. Karakana ilijaa. Fundi akaajiri msaidizi, akapaka rangi ukuta, akanunua mashine mpya ya kuchonga. Alikuwa akifungua kitasa kilichokufa, akiitazama ile springi iliyolegea, anajua ni mkono wa nani, kisha anamuuzia mwenye nyumba kingine na kumpa pole. Mkewe alimwambia mbele ya Dada, "Mwanao anakuletea wateja, na wewe humletei hata sahani." Fundi akamwambia ale chakula chake. Kwa mlango wa kwake mwenyewe akaweka kinga: komeo la mbao ngumu, kwa ndani, maana mkono ule haukuwa na nguvu juu ya mti. Fundi huyu wa chuma maisha yake yote, mlango wake akaufunga kwa ubao.

Mtu mmoja tu mji mzima alikuwa akimwitikia Kiganja. Mlinzi wa ghala la nafaka, mzee mcheshi, mjane. Kiganja akifika kibandani na kusema hodi, mzee anasema, "Karibu, bwana mkubwa, ikulu yako hii," na anamsogezea ndoo ya kukalia. Walicheza bao la kuchora chini. Kiganja alikuwa anashindwa kila siku, na anarudi.

Siku moja ya mvua kubwa alifika akakuta mzee hayupo, amekwenda kununua dawa ya kifua. Kibanda kinavuja. Akaweka mkono kwenye kufuli la ghala, akaingia, akakaa juu ya magunia kumsubiri rafiki yake. Mzee alichelewa. Mvua ilipopungua, Kiganja akaogopa asije kukutwa humo, akatoka, akajaribu kulifunga kufuli likakataa, akalifunga kwa waya na kwenda zake. Hakumwambia mtu. Jioni wakapita wezi wa kweli. Wakaona waya. Mzee akawakuta ndani, akawazuia, nao walikuwa na nondo. Alikufa hospitali bila kusema neno. Polisi walipolikuta lile kufuli limelegea springi, wakajua ni mkono wa nani, wakaanza kubandika picha.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mlango mmoja uliokuwa ukimpokea ukafungwa, na mkono uliosababisha ulikuwa wa kwake.

Sasa turudi asubuhi ile, redio imezimwa.

Mambo ya ndani nilisimuliwa baadaye na Dada. Mama aliinuka na kikombe mkononi. Fundi akainua kidole, akanong'ona kwamba wakifungua, watu watasema walimficha, na nani ataleta kufuli lake tena kwenye nyumba kama hiyo? Mama akasimama pale pale.

Kiganja akapiga hodi ya pili. Kisha akazungumza na ubao wa mlango, kwa sauti ya kawaida, nami nikasikia kila neno kwa sababu mguu wangu ulikuwa umeganda juu ya pedali.

"Baba, sikuja kulala. Nataka uende nami polisi. Nitasema yote. Naogopa tu kwenda peke yangu."

Akaweka kiganja juu ya kitasa. Nikasikia mlio mdogo wa chuma kikiachia. Akasukuma. Mlango ukasogea kiasi cha kidole, ukagota. Akachungulia kwenye ule upenyo, akaliona komeo. Nilidhani atapiga teke. Hakupiga. Alirudi nyuma hatua moja, akaushika mlango taratibu akaurudisha mahali pake, akasema hodi ya tatu, chini sana, kama mtu anayemaliza sala.

Hakuna aliyeitika.

Nikamwita kutoka barazani, nikamwambia mwanangu njoo kwangu ukauke kwanza. Akageuka. Machozi hayakuwepo, uso ulikuwa mtupu tu.

"Asante, mama. Leo nilitaka kwetu."

Vijana wa kona walikwisha kumwona, wameanza kuokota mawe. Nikaacha cherehani na suruali ya watu ikiwa na sindano ndani, nikamshika mkono, ule ule unaoogopwa, na ulikuwa mkono wa baridi tu kama wa mtoto yeyote aliyenyeshewa. Tukatembea hadi kituoni. Kaunta ilikuwa wazi, lakini alisimama mlangoni akasema hodi. Askari, bila kuinua kichwa, akasema karibu. Kiganja akanitazama. Sitausahau mtazamo ule hadi naingia kaburini.

Askari walihangaika wamfunge kwa kitu gani, maana habari zake wanazijua. Wakaleta minyororo. Akawaambia wasisumbuke, hatagusa. Na hajagusa, tangu siku ile mpaka leo. Mahakamani alikiri kufungua ghala na nyumba zote za watu. Wale wezi hawakupatikana. Hakimu akampa miaka kumi na miwili.

FUNZO

Wazazi wenzangu, mtoto anayejiweza ndiye tunayemsahau upesi. Tunasema huyu hana shida, huyu atajifungulia, na tunampa mgongo tukihudumia wengine. Kipawa kisichokuwa na mtu wa kukiongoza hakina kazi, na kisicho na kazi huzurura, na kikizurura huumiza hata wanaokipenda. Wala tusile faida itokayo kwenye upotevu wa watoto wetu, halafu tukajidanganya kuwa ni riziki. Mlinzi yule hakuuawa na nondo peke yake. Aliuawa na miaka ya hodi zisizoitikiwa.

Funzo hili sikulipata kwa kufikiri. Nililisikia gerezani, tulipokwenda kumtembelea mara ya kwanza, Fundi, mkewe, Dada na mimi. Fundi alikuwa amekonda, karakana imefungwa. Mkononi alikuwa na ufunguo wa shaba, umechongwa kwa tupa, unang'aa. Askari wa zamu akamwambia, kwa heshima, kwamba mfungwa hapewi ufunguo, mzee. Basi akabaki ameufumba kwenye ngumi muda wote.

Kiganja aliketi upande wa pili wa meza. Mama yake akamuuliza anaishije. Akasema anaishi vizuri, na alisema kweli, na hilo ndilo lililotuvunja.

"Milango yote ya humu ningeifungua, mama," alisema. "Lakini kila asubuhi anakuja mtu, ananiita jina, ananifungulia. Sijawahi kuishi hivyo."

Dada akafunika uso. Askari akatazama dirisha. Muda ukaisha, kengele ikalia, na Kiganja akainuka. Ndipo Fundi naye akasimama, mzee ambaye miaka kumi na miwili kwake ni mlima, akashika ukingo wa meza na kusema kwa sauti ambayo hata familia za meza nyingine zilinyamaza kuisikia:

"Mwanangu, lile komeo nimelipasua, mama yako amelifanya kuni za kuchemshia maji. Mbele ya askari huyu, mbele ya mama yako, dada yako na jirani yetu, na mbele ya Mungu, naahidi. Siku utakayotoka, usiguse kitasa. Piga hodi. Nikiwa hai, hata kama ni kwa kutambaa, nitainuka mimi mwenyewe, nitasema karibu, na nitakufungulia."