Barua kwa Mkuu wa Idara

"Dada, samahani, naomba paja langu."

Foleni nzima ya duka la kutoa kopi iligeuka. Mwanamke aliyeambiwa hivyo, mwenye gauni la bluu lililonyooshwa pasi mpaka kwenye pindo, akautazama mfupa wa plastiki aliouokota sakafuni. Mwanamume aliyeudai alikuwa amekumbatia sanduku lililopasuka kitako.

"Lako? Mbona hamfanani?" akamwuliza. Akaupima kwenye mguu wake mwenyewe mbele za watu, bila haya. "La kulia."

"La kushoto. Umeligeuza nyuma mbele."

Yule mwanamume alikuwa fundi wa maabara ya anatomia katika chuo cha afya, na wanafunzi walimwita Mifupa. Mwanamke alikuwa na wiki tatu tu chuoni hapo. Kabla ya hapo alishona sare za shule miaka tisa, na sasa, akiwa na miaka thelathini na moja, alikaa dawati moja na watoto wa juzi waliompachika jina la Cherehani. Hakukasirika. Jina lilikuwa la kweli.

Tangu siku ile akawa haondoki maabara mpaka saa ya kufunga. Mifupa alifundisha kwa maswali, naye alishika mambo kwa mikono.

"Msuli ni kama ukanda," Cherehani alimwambia. "Ukijua umeshonewa wapi huku na wapi kule, hata kukariri huhitaji. Utajua tu unavuta nini."

Mifupa alicheka, kisha akaanza kuwafundishia wengine maneno hayohayo. Jioni wakawa wanapigiana simu.

"Umekula?" Mifupa angeuliza.

"Bado."

"Basi ini lako sasa hivi linafungua ghala la sukari."

"Na moyo wangu je, daktari?"

"Moyo ni pampu."

"Pampu tu?"

"Kwenye mtihani, pampu tu. Nje ya mtihani sijaulizwa."

Cherehani hakumwuliza. Zilipobaki wiki mbili kabla ya mtihani wa vitendo, ule ambao viungo hupangwa mezani na kuchomekwa vibendera, Mifupa aliacha kupokea simu. Cherehani akamvizia ukumbini.

"Nifungulie maabara, nikaangalie vali za moyo."

"Sina ufunguo."

"Fundi wa maabara hana ufunguo?"

"Sina." Akapita, macho chini, koti lake jeupe limefungwa vifungo mpaka shingoni.

Cherehani alirudi nyumbani kwa dada yake akiwa mkavu kama ukuni.

"Nimeachwa, dada."

"Amesema?"

"Hajasema kitu. Ndiyo ubaya wake."

"Basi soma. Mwanamume akiondoka, asiondoke na cheti chako."

Akasoma. Mwili wa karibu ulikuwa wa dada yake, akawa anamtafuta mishipa shingoni na misuli begani huku mwenzake anakatakata vitunguu. "Niache!" dada alilalama. "Mimi bado mzima!"

Siku ya mtihani kengele ililia mara arobaini, kibendera kwa kibendera. Cherehani alipata thelathini na tisa. Hakuna aliyemfikia.

Siku ya pili yake aliitwa ofisini. Kulikuwa na malalamiko: yeye na fundi ni wapenzi, na fundi kampa majibu. Ikithibitika, chuo basi. Walimu watatu walimkabili kwenye meza ndefu.

"Una uhusiano gani na fundi wa maabara?"

"Sina. Wiki mbili hatusemeshani."

Mkuu wa idara, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, alivaa miwani, akatoa karatasi kwenye faili na kuisoma kwa sauti ileile ambayo angesomea ratiba.

"'Naomba nisihusike na kuandaa mtihani huu, na ufunguo wa maabara naurudisha kwako, kwa sababu nampenda mmoja wa watakaoufanya. Yeye mwenyewe hajui. Naomba asijue mpaka amalize.'" Akaikunja. "Vibendera nilichomeka mimi, peke yangu. Hata hivyo, tutahakikisha."

Akamsogezea mfano wa moyo. Kwa dakika ishirini Cherehani aliifuata damu kutoka chumba hadi chumba.

"Inatosha," mkuu alisema. "Malalamiko yametupwa. Nenda."

Alimkuta Mifupa ghalani, anafuta vumbi mafuvu.

"Watu watatu wamejua unanipenda kabla yangu mimi!"

Kitambaa kilimponyoka. "Wamekusomea?"

"Mpaka nukta ya mwisho. Kwa nini hukuniambia? Ningengoja."

"Nilidhani ukijua utashindwa kusoma."

"Kwani sikushindwa? Siku nne nimesoma ukurasa mmoja!"

"Nisamehe. Nilikuonea."

"Ulinionea. Sasa niambie mwenyewe, kwa mdomo wako. Barua sitaki."

Akamwambia. Mara ya kwanza alikwama, ya pili akanyoosha. Cherehani alisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Na mtihani wa mwakani?" aliuliza. "Utanikimbia tena?"

"Nimeomba nihamishiwe maabara ya meno."

"Meno unayajua?"

"Hata kidogo. Nitajifunza kuanzia mwezi ujao."

"Mwezi ujao una shughuli," Cherehani alisema, akikiokota kitambaa na kumrudishia. "Unanioa."