Matanga Baharini

Chai ya asubuhi ile ilikuwa na chumvi. Nazira aliitema, akaonja maji ya pipa, nayo yakawa vilevile.

"Casimiro, umetia maji ya bahari humu?"

"Mimi? Hapana," mumewe alijibu kutoka juu ya sitaha. "Maji hii tumejaza Palma jana. Kisima ya mjomba wako."

Akashuka, akaonja, akakunja uso. Wakayamwaga.

Casimiro alikuwa mtu wa Quelimane, Msumbiji ya kati, Mkristo, nahodha, Kiswahili alijifunza ukubwani. Miaka ile gesi ilipogunduliwa aliendesha boti ya kuongoza meli ya utafiti, ile iliyokuwa ikipiga mishindo chini ya maji kutwa kucha ili wakubwa wajue gesi imelala wapi. Kazi ilipokwisha alinunua mashua nyeupe ya tanga kwa Mzungu mmoja aliyechoka na safari, akamwoa Nazira, binti wa Quionga, wakahamia humo. Leo kisiwa cha Tecomaji, kesho Rongui, keshokutwa Vamizi. Walivua, walipokea wageni mara mojamoja, walilala pale jua lilipowachwea. Nduguze Nazira walisema huo ni uhuni, si maisha. Yeye alicheka tu. Na sasa alikuwa na mimba, changa bado, wakijua wao wawili.

Siku hiyo walikuwa wametia nanga upande wa nje wa Rongui. Ilipofika adhuhuri upepo ulikufa, bahari ikatulia kama mafuta kwenye sahani. Ndipo harufu ikaja. Kafuri. Harufu ya maiti aliyekwisha kuoshwa.

"Unaisikia?" Nazira alinong'ona.

"Nini, amor?"

Kitu kikagonga chini ya mashua. Vikombe vikatikisika. Kikagonga tena, kwa nafasi ileile, na Casimiro akapauka.

"Hii ni mishindo ya meli yetu," alisema polepole. "Lakini meli iko wapi?"

Bahari ilikuwa tupu kote. Aliinama ubavuni kutazama chini, mkono mmoja ndani ya maji, akakaa hivyo. Akakaa mno. Nazira akamvuta shati.

Alipogeuka, macho yake yalikuwa meupe matupu.

"Binti wa Quionga," alisema, kwa sauti nyembamba ya mwanamke aliyelia mpaka akakaukiwa, "mbona umeketi juu ya wanangu?"

Nazira alimwachia shati, maana mumewe hakuwahi kusema sawasawa hata "maji haya", na sasa Kiswahili kilimtoka kinywani safi, cha kale, kama cha mabibi waliokwisha kuzikwa.

Kabla hajapiga kelele alishikwa nywele, akapigizwa kichwa kwenye mlango wa chumba, mara ya kwanza akaona nyota, mara ya pili akaonja damu, na sauti ile haikupanda wala haikushuka, ikawa inasimulia tu: kwamba aliwazaa pangoni, chini kule ambako jua halifiki, akawanyonyesha, akawafundisha dua, mpaka huyu nahodha akaja na mishindo yake, wakapasuka masikio, wakapasuka na matumbo, naye akiwa amewakumbatia. "Nawe unalea," ikasema. "Mimi nilee nini?" Na goti likampiga Nazira tumboni.

Alijikunja kama jongoo, akalikinga tumbo kwa mapaja na mikono. Akaanza Ayatul Kursiyyu, ulimi ukakwama katikati. Casimiro akaimalizia yeye, kila herufi mahali pake, huku machozi yakimtoka. Kisha akachukua kisu cha samaki.

Basi dua haimfukuzi huyu, Nazira aliwaza, maana naye anaijua, naye anaiamini, na hakuna mtu wa kuitwa, na pwani iko mbali. Mkono wake ukapapasa sakafuni, ukakuta chuma cha kukazia kamba za tanga. Kisu kiliposhuka kilimchana bega. Akapiga. Mifupa ya kiganja cha mumewe ikavunjika kama kuni kavu, kisu kikaanguka, lakini ule mkono uliovunjika ukamkaba koo hivyohivyo, mfupa mweupe ukiwa nje. Akampiga kichwani, akampiga tena, akilia, "Nisamehe, mume wangu, nisamehe," mpaka Casimiro akadondoka.

Alimfunga mlingotini kwa kila kamba iliyokuwamo. Akakata ya nanga, akawasha injini, akaelekea Quionga. Njia nzima Casimiro alilitafuna bega lake mwenyewe, na damu ikamchuruzika mpaka kiunoni.

Pwani, wavuvi walimbeba akiwa amefungwa. Mama mdogo wa Nazira, Atija, fundi wa kupunga majini, akaja na chetezo, marashi na mbuzi.

"Sikuja kula," jini likasema.

"Wataka nini, mwenzangu?"

"Mtoto kwa mtoto. Yule aliye tumboni mwa binti huyu."

"Huyo hajazaliwa. Hajakukosea."

"Na wangu walikosa nini?"

Shingo ya Casimiro ikaanza kugeuka, polepole, kupita pale shingo ya mtu inapokoma. Wanaume wakarudi nyuma. Nazira akatambaa mpaka miguuni pake.

"Mama," alisema, "wanao walizikwa?"

Shingo ikasimama.

"Nani awazike? Walielea, wakaliwa na samaki."

"Basi tutawazika."

Nazira akarudi baharini, akapanda mashuani, akalishusha lile tanga jeupe walilozunguka nalo visiwa vyote, akalikata kwa kile kisu cha samaki. Vipande vya sanda, vifupi. Wanawake wakachimba makaburi madogo juu ya mstari wa maji. Jini likawa linataja jina, Nazira anakunja sanda tupu, anailaza, wanawake wanalia kama wanavyoliliwa watoto wa watu, na kila kaburi lililofunikwa, ile shingo ikarudi kidogo.

La mwisho lilikuwa la msichana. Lilipofunikwa, Casimiro alipiga ukelele uliowaangusha mbuzi na waliomshika. Akatapika maji ya bahari, mengi kuliko anayoweza kubeba mtu, na michanga myeusi ambayo hakuna aliyewahi kuiona pwani ile. Kisha akafumbua macho.

"Nazira," alisema kwa sauti ndogo, "mkono yangu inauma sana."

Nazira akacheka, akalia, akaupakata uso wake uliojaa damu. Alijipapasa kwa siri chini ya kanga, hakuona damu. Mtoto alikuwa bado wao. Wanawake wakapiga vigelegele, na mvuvi mmoja akainama kufungua kamba za miguuni.

Ndipo sauti ikatoka baharini.

Mwanamke alilia, mbali, nje ya mwamba. Kabla hajanyamaza akalia mwingine, karibu zaidi, halafu wa tatu upande wa Tecomaji, halafu pwani nzima, mchana mweupe, huku maji yakiwa tupu, ikajaa vilio vya kina mama. Wote walikuwa wanamjia Casimiro. Vigelegele vikafa midomoni.

Mama mdogo Atija akaushika mkono wa yule mvuvi.

"Msimfungue," alisema.