Msiba wa Montaspro

"Mkate umetoka tanuri. Narudia, umetoka tanuri."

Redio ikanyamaza. Kapteni Nives Tarquini hakuhitaji maelezo. Mama wa Montaspro, picha takatifu ya abasia, alikuwa ameibwa.

Saa nne na dakika tano asubuhi.

Alisukuma mlango wa Fiat Panda kwa nyonga, akakagua bastola yake ya Beretta, akapanda ngazi za abasia mbili mbili. Juu ya altare palibaki misumari minne na alama ya vumbi. Picha ya Bikira, iliyochorwa kwenye ubao wenye kimo cha mtoto wa miaka kumi, ilikuwa imekaa hapo miaka mia saba.

Bibi Zelinda, mtunzaji wa abasia, alikuwa ameketi benchi la mbele, birika la maji bado mkononi.

"Walikuja wawili, wamevaa vizuri," alisema. "Mmoja akaniomba maji. Mwanangu, maji utamnyimaje mtu?"

"Hujakosea, bibi."

"Nimekosea, usinibembeleze! Kijana wangu ananipigia kila wiki kutoka Terni: mama shuka, huko juu utafia peke yako. Namjibu siwezi, namtunza Mama. Sasa nitamjibu nini?"

Montaspro ilikuwa imebaki na watu kumi na tisa, watatu kati yao viziwi. Shule ilifungwa, duka la mikate likafuata. Basi la watalii lilipanda mara moja kwa wiki kwa ajili ya picha ile tu. Ikipotea, mji umekwisha.

"Nitamrudisha," Nives alisema, akajuta papo hapo. Katika kazi ile mtu haahidi.

Alitoka uwanjani, redio mdomoni.

"Daraja, hapa Mwewe. Mmekamata nini?"

"Gari la maziwa, safi. Trekta, safi. Hamna kitu, Afande."

"Na ile meli ya walanguzi?"

"Inang'oa nanga bandarini Ancona alasiri. Ikiondoka na mzigo, hatumwoni tena."

Barabara ya kushuka ni moja, kona kumi na nne, na daraja chini. Lazima wapite hapo. Lakini ndani ya nini?

Gari la maiti lilipita taratibu, Mercedes nyeusi yenye shada la maua. Nives alivua kofia, akafanya ishara ya msalaba. Ndivyo alivyolelewa.

Zelinda, aliyemfuata nyuma, naye akafanya msalaba. Kisha akakunja uso.

"Nani kafa?"

"Wewe ndiye mwenyeji, bibi."

"Ndiyo maana nauliza!"

Wote wawili wakageukia ukuta wa posta. Kwetu huku milimani, mtu akifa, kabla hajapoa karatasi yenye ukingo mweusi imeshabandikwa: jina, umri, jina la utani, saa ya misa. Hata mwizi wa kuku hubandikiwa. Karatasi ya mwisho pale ilikuwa ya Ubaldo fundi viatu, ya Februari, imeliwa na mvua.

Maiti asiye na karatasi si maiti.

Nives alitimua mbio hadi kwenye Panda, akawasha.

"Daraja! Zuieni gari la maiti!"

"...hatukusikii, Afande... rudia..."

Bonde lilikuwa limemeza mawimbi. Na vijana wake wa darajani aliwajua: wangevua kofia na kupisha. Hata yeye mwenyewe alikuwa ameshapisha.

Kona ya kwanza. Ya pili. Mercedes ilikuwa mbali chini. Kwa barabara asingeipata.

Alikata usukani, akaingia shamba la mizeituni.

Panda iliruka tuta la kwanza, la pili, la tano. Kioo cha pembeni kilibaki kwenye tawi. Gari likatua barabarani hatua ishirini mbele ya Mercedes, likazimika kabisa.

Nives alishuka, Beretta mkononi.

Dereva alitoka mikono juu, anatabasamu. Loris Gambini, mlanguzi wa picha za kale aliyemsaka kwa miaka mitatu.

"Jamani, Afande! Huna haya mbele ya marehemu?"

"Marehemu anaitwa nani?"

"Giuseppe."

"Jina la utani?"

Loris akamtupia jicho mwenzake aliyebaki ndani ya gari.

Yule akafyatua risasi kupitia dirishani. Nives alijibu moja tu. Bastola ya yule bwana ikaanguka kwenye lami, naye akabaki anakumbatia kiganja na kupiga mayowe.

"Watu wa mjini nyie," Nives alisema, akiwafunga pingu. "Hata kufa hamjui."

Ndani ya jeneza, kwenye blanketi, Mama alikuwa mzima. Hakuwa na mkwaruzo hata mmoja.

Pale chini redio ilikamata.

"Kituo, mkate ninao. Naurudisha tanuri."

"Hapana, Mwewe. Upelekwe makumbusho ya mjini. Abasia haina king'ora wala mlinzi."

"Mlinzi yupo."

"Bibi wa miaka themanini na moja. Mama harudi huko, Nives. Ni amri."

Aliwaachia vijana wa darajani wezi na jeneza, akapanda tena kwa miguu kumwambia Zelinda uso kwa uso. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe. Wezi wampeleke pwani, nyie mumpeleke mjini. Mie nitofautishe vipi?"

"Mjini utaweza kumwona, bibi."

"Kwa tiketi?"

"Kwa tiketi."

Zelinda alicheka vibaya. Akafungua mkufu shingoni, akachomoa ufunguo wa chuma wa abasia, akautia mkononi mwa Nives.

"Mpe bosi wako. Mie namwambia kijana wangu aje na gari."

Nives alivaa miwani yake ya jua ya Persol, akageuka, akashuka kwa miguu, hatua za kawaida. Kituoni wanasimulia mpaka leo jinsi alivyoondoka pale bila kutazama nyuma.

Ni kweli hakutazama. Alikuwa analia.