Aliyekaa Kiti cha Nyuma

Harufu ndiyo iliyoanza. Nyamizi alikuwa ameinama ndani ya gari jipya la mumewe, anafuta vumbi kiti cha nyuma kwa kitambaa kibichi, alipoisikia: kinyesi cha ng'ombe, kile cha asubuhi chenye joto bado, na juu yake tumbaku kali ya kienyeji. Akatoa kichwa nje, akavuta hewa. Nje palinuka vumbi la Kagongwa na pumba za mashine ya mpunga, basi. Akarudisha kichwa ndani, harufu ikawa pale pale. Akainua mazulia, akachungulia chini ya viti, akageuza hata viatu vyake mwenyewe kutazama nyayo. Hakuna kitu. Na lile nailoni la kiwandani la kufunika kiti, ambalo mumewe Maige alikataza lisivuliwe, lilikuwa limebonyea upande mmoja, kama pamekaa mtu akainuka sasa hivi.

Alilipigapiga kwa kiganja mpaka likajaa. Likabonyea tena, taratibu.

Tuseme ukweli, gari lenyewe lilikuwa zuri. Pijo 504, jeupe, jipya kabisa, na hiyo ilikuwa miaka ya watu kupanga foleni kutwa nzima kwa ajili ya sabuni na kurudi mikono mitupu. Nyamizi alifulia nguo za nyumbani kwa majani ya mpapai, lakini sabuni ikipatikana kwa bahati, ilikwenda kwenye gari kwanza. Mjini watu waliomzidi Maige umri walianza kumwamkia wao. Wengine walinong'ona kwamba huo ni ubepari na ipo siku ataitwa kujieleza, na hao hao ndio waliokuja jioni kuliomba gari kwa ajili ya harusi za watoto wao.

Kijijini kwao, upande wa Mhunze, hawakunong'ona. Walimwambia usoni: "Maige, umeuza zizi ukanunua kitu kisichozaa?"

Ni kweli aliuza zizi, tena zizi zima la marehemu baba yake, Mzee Bujiku. Mzee huyo alikuwa na ng'ombe wa kufunika bonde, na bado maisha yake yote alitembea kwa miguu, tena peku, minadani na kurudi. Hata baiskeli hakununua. Alisema chuma hakinyonyeshi. Lakini kosa la Maige halikuwa kuuza ng'ombe, ng'ombe huuzwa. Kosa lilikuwa ng'ombe jike mmoja, mweusi mwenye baka jeupe kifuani. Mzee alipofariki ukoo ulimteua ng'ombe yule, wakammwagia mgongoni maji ya unga wa mtama, wakampa jina la marehemu. Tangu hapo akawa ng'ombe wa masamva, wa wazee waliotangulia. Hauzwi wala hachinjwi. Mzee akitaka kupumzika nyumbani kwake, anapumzika ndani ya ng'ombe huyo. Kila Msukuma analijua hilo, hata aliyebatizwa akavaa suti, na Maige alilijua. Ila kibali cha kununulia gari kilikuwa karibu kwisha muda wake, wanunuzi walikuwa wamesimama mnadani, naye akajiambia kwamba atateua mwingine msimu ukikubali. Akamswaga pamoja na wenzake.

"Baba Esta," Nyamizi alimwambia mumewe jioni ile, "gari lako linanuka zizi."

Maige alicheka mpaka akakohoa. "Linanuka upya, Mama Esta. Hujazoea tu."

Jumapili iliyofuata mama yake Maige, Bibi Mbuke, alikuwa amekuja kukaa nao. Maige akamfungulia mlango wa nyuma kwa madaha. "Panda, mama. Leo unakwenda kanisani kama mke wa mkuu wa mkoa!"

Bibi Mbuke aliinama aingie, akaishia hapo hapo. Akarudi nyuma hatua moja. Kisha akachuchumaa kwenye vumbi na kitenge chake kipya, akapiga makofi polepole, macho chini.

"Mwangaluka, baba wa Maige," aliamkia kwa Kisukuma.

Akatega sikio kama mtu anayesubiri kuitikiwa. Halafu akainuka, akafunga mlango bila kuubamiza.

"Nitatembea."

"Mama! Kwa nini?"

"Pamekaliwa."

Maige alikasirika, akaondoka na gari lake peke yake. Njiani, wanawake wawili wakitembea na mtoto Esta ametangulia, Bibi Mbuke aliuliza kwa sauti ya chini, "Wewe hukaa kiti gani humo?"

"Cha nyuma, mama. Kila siku cha nyuma."

Bibi Mbuke alifumba macho. "Usirudie tena, mwanangu. Umekuwa ukikaa bega kwa bega na mkweo."

Nyamizi alisimama katikati ya njia. Kwao, mke wa mtoto na baba mkwe hawakai mkeka mmoja, hawali pamoja, hawagusani hata vidole. Wakikutana njiani mwanamke anapisha na kupiga goti, macho ardhini. Heshima hiyo aliishika miaka yote mzee alipokuwa hai, kiasi kwamba uso wake hakuujua vizuri. Alikijua kikohozi chake, kikavu, chenye mkwaruzo mwishoni. Na sasa akakumbuka ule ujoto wa ubavuni kila walipopanda Pijo, ule alioudhani ni jua la dirishani, na aibu ikampanda kabla ya hofu.

Miaka ile serikali ilipiga marufuku magari ya watu binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, kwa kuwa mafuta yalikuwa adimu. Basi ikifika saa hiyo Kagongwa yote hulala, barabara nyeupe kwa jua, kuku wamejibanza kwenye vivuli. Alasiri hiyo Maige alikuwa amejinyoosha mkekani ndani, ameshiba ugali. Pijo lilikuwa bandani, tangi kavu. Nyamizi alikaa barazani akichagua mchele.

Akasikia kikohozi. Kikavu, na ule mkwaruzo mwishoni.

Kikatoka bandani. Kisha mluzi, ule mrefu wa kupanda na kushuka ambao wachungaji huitia ng'ombe walioachwa nyuma. Maige akatokea mlangoni, peku, yeye ambaye hata chooni alikwenda na viatu, macho yamefunguka lakini hayamwoni mtu, akampita mkewe pale barazani kana kwamba anapita kando ya nguzo.

"Baba Esta," Nyamizi alinong'ona. "Baba Esta, unakwenda wapi? Ni Jumapili."

Hakugeuka. Akaketi kwenye usukani, na Nyamizi, ambaye aliuona ufunguo wa gari ukining'inia msumarini ndani ya nyumba, akasikia injini ikiamka, si kwa mngurumo wa injini bali kwa mlio mzito wa tumboni wa ng'ombe anayeinuka alikolala, na gari likatoka bandani polepole, mwendo wa mifugo, likivuta miguu yake ya mpira kuelekea mbugani, na yeye akatupa ungo akakimbia, mchele ukimwagika, akalifikia, akanyoosha mkono aushike mlango wa mumewe amvute atoke, amvute hata kwa nywele, na hapo ndipo kwenye kioo cha mlango wa nyuma aliona kofia kuukuu na moshi wa tumbaku ukijikunja chini yake, na magoti yake, bila kumwomba ruhusa, yakakunjika. Akapiga goti barabarani. Akainamisha macho. Gari likampita.

Lilirudi wakati wa magharibi na matope ya mbugani, na kwenye meno yake ya mbele yalinasa majani yaliyotafunwa.

Maige aliamka pale pale kwenye usukani, akaulizia chakula, hakukumbuka lolote. Alikataa kuamini mpaka alipotazama nyayo zake zilizochanika visigino kama za mchungaji. Tangu siku ile hakucheka tena juu ya harufu. Na gari halikungoja Jumapili nyingine. Likawa linatoka kila alasiri, linarudi magharibi, na mwanamume akawa anakonda huku gari linang'aa. Duka lake hakulifungua tena. Akijaribu kukimbia, mluzi unamrudisha. Alijaribu kuliuza pia. Waliokuja kulitazama walikaa ndani kidogo, wakatoka wakifuta suruali zao, wakaaga kwa adabu ya ajabu.

Jirani yao, Muhidini mwenye duka la vitambaa, alisema jini hilo, majini hupenda vitu vipya, akamleta mwalimu wake kutoka Kahama. Mwalimu alifukiza udi, akasoma huku akilizunguka gari, kisha akafungua mlango akaingiza kichwa. Alipokitoa, jasho lilikuwa linamtiririka mpaka ndevuni.

"Jini hufukuzwa kwa sababu ni mgeni," alimwambia Maige kwa upole. "Huyu si mgeni hapa. Tafuteni watu wa kwenu."

Wa kwao alikuwa Mihayo, mfumu mzee, mganga wa upande wa Mhunze, aliyecheza na Bujiku utotoni. Mihayo alisema wazi kwamba dawa ni moja: kurudisha ng'ombe. Nyamizi akatoa mpunga wote wa ghalani, akapata jike jeusi lenye afya, na baka jeupe kifuani. Alipoliona linaingia uani, kwa mara ya kwanza tangu mambo hayo yaanze alipumua mpaka chini. Alimpenda mume wake. Alikuwa mbishi, alipenda sifa, lakini alikuwa wake, na alimtaka.

Walikaa bandani jua likiwa limelala. Mihayo mbele na kibuyu chake, Bibi Mbuke ukutani, Maige kwenye kigoda.

"Mama Esta," alisema, "nishike mkono. Akianza kuniita, usiniachie."

"Sikuachii."

Alimshika kwa mikono yake yote miwili. Mihayo akammwagia ng'ombe maji ya unga mgongoni, yakatiririka meupe hadi mbavuni. "Bujiku," aliita, "mtoto alikosea. Ameleta ng'ombe wako, huyu hapa. Shuka humo, njoo upumzike kwako."

Ng'ombe akatikisa masikio. Nyamizi alianza kuamini kwamba yamekwisha, na ndipo kikohozi kilipotoka, kikavu, chenye mkwaruzo, si garini, bali pembeni yake, kinywani mwa Maige.

"Ng'ombe ni mzuri," ilisema sauti ya mzee. "Mpeni mzee mwingine."

Kibuyu kilimponyoka Mihayo. "Bujiku, unasemaje?"

"Mihayo, wewe unanijua. Nimetembea kwa miguu maisha yangu yote. Miiba, matope, jua. Nilisema chuma hakinyonyeshi kwa kuwa sikuwahi kukikalia." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeshiba. "Nimekaa pazuri. Sishuki."

"Basi chukua gari," Mihayo alisihi. "Mwachie mtoto."

"Na nani atanichungia?"

Bibi Mbuke alianza kulia ukutani. "Baba wa Maige, mwonee huruma. Ni mwanao wa pekee."

"Kwani nimemkataza kuwa mwanangu?"

Kisha kichwa cha Maige kikageuka. Macho yalikuwa ya Maige, kope za Maige, lakini aliyetazama kwa macho hayo alimtazama Nyamizi kama mzee anavyomtazama kijana aliyejisahau. Akaishusha sauti ili wengine wasisikie, kwa staha, kama mtu asiyetaka kumwaibisha mke wa watu.

"Mkwe," alisema. "Niachie mkono."

Nyamizi aling'ang'ania. Mungu ni shahidi, aling'ang'ania kwa nguvu zake zote, mpaka mifupa ya vidole ikamuuma. Lakini kila pumzi iliyopita aibu ilizidi kumpanda kifuani, aibu aliyofundishwa tangu ndoa yake ikiwa changa, kwamba mkono huu si wa kushikwa, uso huu si wa kutazamwa, na vidole vyake vikaanza kulegea kimoja kimoja, huku yeye mwenyewe anavitazama na kulia na kuviamuru vishike, na haviitiki. Mkono ukatoka. Akajikuta amepiga goti.

Mihayo alikusanya vitu vyake kimya kimya. "Ningekuwa na cha kufanya ningefanya," alimwambia mlangoni. "Ameonja. Sasa nimshushe kwa lipi?"

Bibi Mbuke alirudi kijijini. Alisema hawezi kukaa nyumba moja na mume mwenye sura ya mwanawe. Mjini watu walisema Baba Esta amevimba kichwa tangu apate gari, hata salamu hajibu, kutwa yumo ndani yake anazunguka pole pole kama mfalme. Nyamizi hakumbishia mtu. Alihamishia kitanda chake chumba cha Esta. Chakula alikipeleka bandani mlangoni, akiwa amepiga goti, uso pembeni, na kukiacha pale.

Jioni moja mvua ilipokuwa inaanza, alikuwa ameweka bakuli la ugali na maziwa, anajiandaa kuondoka, aliposikia mtu anagonga kioo kutoka ndani. Aligonga kwa ncha za vidole, bila nguvu. Mgongaji alikuwa kiti cha nyuma.

"Mama Esta."

Ilikuwa sauti ya Maige. Ya Maige mwenyewe, ya kitandani, ya kuulizia chai.

"Mama Esta, nifungulie. Huku nyuma kuna baridi. Nifungulie, sioni."

Nyamizi aliinuka kwa kuruka, akakimbilia mlango wa nyuma, mkono wake ukafika kwenye kitasa. Ndipo kioo cha mlango wa mbele kiliposhuka. Mwili wa mume wake ulikuwa umekaa kwenye usukani, na tumbaku mdomoni, ukimtazama.

"Vipi, mkwe?" aliuliza kwa upole.

Mvua iliwapiga. Vidole viliendelea kugonga. Nyamizi alitoa mkono kwenye kitasa, akarudi nyuma, akapiga goti kwenye matope na kuinamisha macho, akasubiri mkwe wake apite.