Boma la Miiba kule Ubwari

"Georgette, we utapanda mutumbwi ya ule Casimir? Mutu mwenye aliuaka batu?" Ndivyo jirani yake Marthe alivyomuuliza siku moja kule Kazimia, kando ya Ziwa Tanganyika. Georgette alicheka. Casimir alipigana vita vya Abisinia akiwa sajenti, kweli, lakini sasa alikuwa akipeleka samaki Baraka, na mjukuu wake Suzanne alitamani kumwona mama yake huko.

Safari ikaharibika kwenye ncha ya rasi ya Ubwari. Upepo ulishuka milimani ghafla, mawimbi yakainuka, mtumbwi ukapasuka kwenye mawe. Walitambaa ufukoni watatu, wakitapika maji. Paja la Suzanne lilikuwa limechanika; Georgette akalifunga kwa kipande cha kitenge.

Casimir hakupumzika. "Hapa chini iko mamba. Twende juu."

Akachagua kilima chenye mwamba mgongoni. Akakata miiba kwa panga lililobaki kiunoni mwake, akaizungusha, ncha zikitazama nje. Akaacha mlango mmoja mwembamba, na mbele yake akachimba handaki kwa kafi. Ndani akapekecha moto kwa vijiti vikavu.

"Ni vile tulijengaka kambi kule Abisinia, mama. Mumoja analala, mwingine analinda."

Giza lilipoingia, chui akaja. Akatumbukia handakini, akanguruma. Casimir akamsukumia kijinga cha moto usoni. Chui akatoroka, na Georgette akamshukuru Bwana Yesu kwa sauti.

Asubuhi paja lilikuwa limevimba, mtoto anaungua homa. Mitumbwi ya wavuvi ilipita mbali. Georgette akatupa majani mabichi motoni. Moshi ulipoinuka tu, Casimir akayarukia majani, akayakanyaga.

"Mama! Moshi inaonyesha adui kambi!"

"Adui gani? Bavuvi? Sajenti, vita ilikwisha! Kambi yako ilituokoa na chui, sasa inaficha mutoto kwa batu ya kumusaidia."

Casimir akaacha kukanyaga. "Bandugu yangu bane balikufa kule Abisinia juu ya moshi, mama. Adui aliiona."

Akamtazama Suzanne anavyotetemeka. Kisha akalishika boma lake mwenyewe, akalivunja tawi kwa tawi, akalirundika lote motoni. Moshi mzito ukapanda kupita mwamba, na mitumbwi ikageuka kuja kwao.

Jioni, katika dispanseri ya Baraka, mama yake Suzanne akiwa kando ya kitanda, muuguzi Norbert aliosha kidonda, akapiga sindano. "Mguu haukatwi," akasema. "Atatembea."

Georgette akaanguka magotini, akalia kwa furaha. "Asante, mutoto yangu," akamwambia Casimir.

Casimir, mikono imechanwachanwa na miiba, akamfunika Suzanne blanketi vizuri hadi mabegani, akatoka.