Cheko na Miwani ya Rangi Mbili

Kila asubuhi Cheko ndiye aliyemimina chai nyumbani kwao. Siku za karibuni ilikuwa ikimwagika kando ya kikombe, na mama yake, fundi cherehani, alizoea kumtania: "Mwanangu, meza nayo ina kiu?" Cheko aliangua kicheko, hakuitwa Cheko bure. Kaka yake hakucheka. Aliinamia kikombe chake.

Siku moja mwalimu wa sayansi aliingia darasani na kompyuta na miwani ya karatasi. Upande wa kushoto ulikuwa na plastiki nyekundu, wa kulia bluu.

"Kwenye skrini kuna picha mbili zilizopandana," alieleza. "Zimepigwa kutoka sehemu mbili zilizoachana kidogo, kama macho yenu yalivyoachana. Kila rangi ya miwani hupitishia jicho picha moja tu. Ubongo ukiziunganisha, mnaona kitu kama kinatoka nje ya skrini."

Wakavaa. Kwenye skrini mtu akarusha mpira. Darasa zima likainama kwa kelele. Cheko aliketi wima. Alipoona wenzake wameinama, naye akainama.

Mwalimu alimwona. Kipindi kilipoisha akamwita kando.

"Uliuona mpira ukikujia?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Haya, fumba jicho la kulia. Nimenyoosha vidole vingapi?"

Cheko akafumba. "Sivioni, mwalimu. Naona giza tu."

Mama alipopata habari aliacha gauni la mteja kwenye cherehani, akawachukua wanawe wote wawili hadi hospitali. Daktari wa macho alimulika jicho la kushoto kwa muda mrefu, kisha akauliza liligongwa na nini.

"Nilianguka," alisema Cheko haraka.

"Hakuanguka!" Kaka yake alikuwa akilia. "Ni mimi. Tulikuwa tunacheza na manati wakati wa likizo. Nikamwomba asikuambie, mama."

Daktari akavuta kiti karibu na Cheko. "Utando wa nyuma ya jicho lako ulibanduka. Mngekuja wakati ule, tungejaribu kuurudisha. Sasa tumechelewa. Jicho hili halitaona tena. La kulia ni zima, na hilo tutalilinda. Ila kwa jicho moja ni vigumu kupima umbali, hata wa kikombe mezani."

"Hata nikivaa miwani, daktari?"

"Hata ukivaa miwani, mwanangu."

Mama hakufoka. Aliketi kwenye benchi la ukumbini, mkoba mapajani, akawatazama.

"Mliniogopa kiasi hicho?"

Walipoinuka kwenda nyumbani, kaka alihamia upande wa kushoto wa dada yake, akamshika mkono kwenye ngazi.

"Nisikilizeni," mama alisema. "Mkiumia, mkikosea, mniambie siku hiyo hiyo. Nitafoka, ndiyo. Hata nikifoka, hospitali nitawapeleka. Lakini nikifichwa, wanangu, nitawasaidiaje?"