Nyuzi Ishirini na Nne

Kipimajoto kilisoma ishirini na nne, na umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri.

Mektrida alisimama mlangoni pa chumba cha miche, khanga mbili mabegani, mvuke ukimtoka mdomoni, maana Kibosho mwezi wa saba ukungu hushuka kutoka mlimani ukalala migombani siku nzima. Ukumbini baridi, jikoni baridi. Humu ndani taa zimezima, jiko hakuna, na bado kuna joto zuri la kulelea vifaranga. Mwenye akili angefunga mlango akaita watu. Yeye akapiga ishara ya msalaba, akashukuru! Wiki tatu alikuwa akiomba hilo hilo kila alipomaliza rozari: Mungu wangu, nipe ishirini na nne tu, sitaki zaidi.

Alikuwa ameaibika, ndiyo maana. Alifunga taa za LED zenye mwanga wa zambarau, akaziba dirisha kwa nailoni nyeusi, akawatangazia akina mama wa jumuiya kwamba atawaoteshea miche ya hoho katikati ya baridi. Kumbe taa zile mwanga zinao, joto hazina. Chumba kikakwama kwenye kumi na sita, mbegu zikaoza, na akina mama wakamcheka mpaka uwanja wa kanisa.

Jumamosi iliyopita ndipo alipoamua kubadilisha udongo. Akapanda juu ya kihamba, shamba la urithi, kwenye kichaka cha masale ambacho kila mtu wa ukoo hukizunguka akilima, akachimba debe tatu za udongo mweusi, mwororo, ambao jembe halijawahi kuugusa. Alijua masale hayapandwi mahali bure, ni mimea ya kuwekea alama makaburi. Alijua vizuri sana, lakini udongo ulimpendeza.

Mbegu zikachipua siku ya nne. Chumba nacho kikazidi kupanda, ishirini na saba, thelathini, mpaka kitasa cha mlango kikawa na uvuguvugu wa mkono wa mtu. Ikaja harufu ya blanketi lililolowa mvua likaanikwa kwenye moshi. Kisha, mchana kweupe, nyuma ya ile nailoni, zikasikika sauti za meno yakigongana, halafu pumzi, huu, huu, ya mtu anayepulizia viganja vyake.

"Panya," Mektrida alijiambia. Panya gani anapuliza viganja!

Violet, binti yake wa miaka saba, ndiye aliyemwagilia miche akitoka shule. Ghafla mtoto akawa habanduki mekoni. Atakaa hapo mpaka sketi inuke moshi, na bado anatetemeka.

"Mama," alinong'ona siku moja, "yule dada wa kwenye miche ananiomba mikono."

"Dada gani?"

"Mwenye nguo mbichi. Anasema apashe kidogo tu."

Mektrida akaishika mikono ile, akashtuka. Ilikuwa baridi kama mawe ya mtoni. Akambeba mpaka zahanati, nesi akampima, akabadilisha kipimo, akampima tena: thelathini na nne. Wakarudi na blanketi la kuazima, na kabla hata ya kuvua viatu Mektrida akaingia chumba cha miche, akatazama kipimajoto chenye waya mrefu uliochomekwa kwenye udongo, nacho kilikuwa kimepanda hadi thelathini na tatu, na kesho yake mtoto aliposhuka mpaka thelathini na mbili udongo ukafika thelathini na tano, na hapo akaelewa kwamba kila kinachomtoka mwanawe kinaingia kwenye trei zile.

Mumewe alikuwa mlimani akiongoza watalii. Akamwita mama mkwe wake, Bibi Yuditha. Bibi akachungulia ndani, akauona udongo, akajishika kichwa.

"Yeleuwi! Umeutoa wapi huu?"

"Kwenye masale. Mama, labda ni jini, watu wa Pasua wanasema kuna shehe..."

"Si jini. Ni wa kwetu." Bibi alishusha sauti, macho kwenye mlango. "Ndelilio, wifi yangu. Alipata mimba hapa nyumbani, baba yake akamtoa nje, mwezi kama huu, mvua inanyesha. Akagonga siku nzima. Mimi nilikuwa bi harusi wa wiki mbili, nimeambiwa nishike komeo. 'Wifi, nipashe mikono tu.' Sikufungua. Akafa kwa baridi pale mlangoni, wakamzika kwenye masale."

Mektrida alitamani kumpiga kofi. "Tufanye nini?" aliuliza.

"Rudisha udongo. Wote, mpaka wa kwenye kucha. Mimi nitamshikia isale, nimwombe radhi."

Bibi akapiga magoti matopeni penye masale, jani la isale limefungwa fundo mkononi, akamwaga maziwa, akalia kwa Kichagga mpaka sauti ikamkauka. Mektrida akamwaga trei moja baada ya nyingine, miche na udongo wake. Ikabaki moja chumbani. Miche arobaini, imesimama, majani manne manne, na kesho akina mama wa jumuiya wanakuja kuona. Aitikise mizizi ibaki mitupu? Mkulima gani anafanya hivyo? Ingekufa yote. Akaisukuma trei nyuma ya nailoni.

"Umerudisha wote?" Bibi aliuliza.

"Wote, mama."

Jioni Violet akapata joto. Akala mtori bakuli mbili, akacheka, na mama yake akalala usingizi mzito kwa furaha.

Asubuhi kitanda cha mtoto kilikuwa kitupu. Mlango wa chumba cha miche ulikuwa umekomewa kwa ndani.

"Violet! Fungua, mwanangu!" Akagonga, Bibi naye akagonga, wakagonga mpaka ngozi ya vidole ikachubuka. Ndani meno hayakugongana tena. Ikajibu sauti ya msichana mkubwa, laini, ya mtu aliyeshiba.

"Wifi, gonga tu. Mimi huku nimepata joto."

Bibi akaanguka pale pale. Mektrida akachukua shoka, akavunja. Chini ya mwanga wa zambarau Violet alikuwa amelala chali sakafuni, trei juu ya kifua, mikono miwili imeikumbatia, na miche yote arobaini ilikuwa imechanua maua meupe. Waya ulikuwa kwenye udongo. Thelathini na saba.

Nje akina mama wa jumuiya walikuwa wakipiga hodi, wakicheka. Mektrida hakuwasikia. Aliuchomoa waya ule, akauingiza kwapani mwa mwanawe, akakodolea macho namba zikishuka, thelathini, ishirini na nane, ishirini na sita, akiziomba zisimame, akiziomba kwa jina la Mungu, mpaka zikasimama.

Ishirini na nne.